Sahani ya Sombe kwa Mama Kalista

Kila nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa, mkono wangu hupanda wenyewe hadi mdomoni, nikapapasa midomo kuona kama bado iko vile vile. Watu wa nyumbani kwangu wamezoea. Mume wangu hunicheka, anasema ameoa mwanamke anayejikagua kila akila. Karanga hazijawahi kunidhuru hata siku moja. Hiyo ndiyo shida yenyewe, na ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, hasa kwenu ninyi wenzangu mliokuwa watoto Bunia wakati wa vita, mnaokumbuka jinsi neno sumu lilivyoweza kumaliza mtu kabla hata hajaulizwa.

Tulikuwa tumekimbia kutoka Bule, kijijini kwetu, mara ya pili. Mara ya kwanza Mama alimzaa mdogo wangu Sifa njiani, katika shamba la mihogo la watu tusiowajua. Mara ya pili Sifa alikuwa na miaka miwili na nusu, na Mama alikuwa na mimba nyingine. Baba alibaki na ng'ombe wake, akasema atatufuata. Tukapokewa na dada yake mkubwa, Shangazi Rejina, aliyekuwa na nyumba ya mabati huko Mbunya, mtaa wa Bunia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa Sifa: kumbeba, kumfuta kamasi, kumnyamazisha askari wakipita.

Mimi nilikua na karanga. Mama alikuwa nazo shamba zima kule Bule, akizitwanga na kuzitia katika kila kitu, na hata kabla sijaota meno nilikuwa nalamba vidole vyake. Sifa hakuvilamba. Alinyonya, kisha akapewa uji wa mahindi wa msaada, maharage yaliyopondwa na ndizi. Shamba lilikuwa limebaki upande ambao mtu hafiki, na karanga zikawa kitu cha kusimuliwa tu. Hakuna aliyeona kwamba mtoto huyu anakosa jambo. Alikuwa hai, na siku zile hilo lilitutosha.

Nyuma ya ua wetu wa matete alikaa Mama Kalista. Alikuwa mtu wa upande ule mwingine, wale waliokuwa wakiwindwa katika kartie yetu, mtaa wote ule, kama sisi tulivyokuwa tukiwindwa kwao. Aliyemlinda ni marehemu mume wake, mtu wa kwetu, aliyekufa kwa ugonjwa kabla ya vita. Kwa sababu ya jina la mume huyo walimwacha akae, lakini kila mtu alijua kwamba amekaa kwa muda. Alikuwa fundi wa kupika. Harufu ya sufuria zake ilipita kwenye matete saa ambazo sisi tulikuwa tunakunywa maji ili tulale. Binti yake Kalista alikuwa wa umri wangu na tuliruka kamba pamoja, yeye upande wake, mimi upande wangu, kamba ikipita juu ya ua pale ulipoinama.

Shangazi alikuwa na sheria moja. “Kucheza, muchezee hapa,” aliniambia. “Kula kwake, hapana. Hata ndizi moja. Unasikia?”

Nilisikia sana. Mimi nilikuwa mtoto wa woga, na jambo lolote nililoambiwa nusu nililimalizia mwenyewe kichwani. Nilikuwa nimeshajitengenezea elimu yangu kuhusu sumu. Niliamini ni unga mweusi unaofichwa chini ya ukucha, na kwamba ukishauila unalala tumboni kama mbegu, unaweza kulala hata mwaka, mpaka siku mtu atakapoutaja mbele yako. Ukisikia unatajwa, unaamka. Kwa hiyo nilipokuwa na chakula mdomoni sikuwahi kulitamka neno hilo, na mtu mwingine akilitamka niliacha kutafuna.

Siku hiyo Mama na Shangazi walikwenda kupanga foleni ya unga karibu na uwanja wa ndege. Shangazi alifunga nyumba na kuondoka na ufunguo, kwa sababu ya wezi, akatuacha uani. Mchana risasi zikaanza upande wa soko, kwanza mojamoja, halafu nyingi, na watu wakawa wanakimbia barabarani bila kupiga kelele, jambo lililonitisha kuliko kelele. Mlango wetu ulikuwa umefungwa. Nikamvuta Sifa tukapenya kwenye tundu la matete, na Mama Kalista akatushika mikono akatulaza kifudifudi jikoni mwake, nyuma ya mafiga, yeye mwenyewe akalala juu yetu. Nilikuwa nasikia moyo wake mgongoni kwangu.

Risasi ziliponyamaza aliinuka, akamwona Sifa anatafuna upindo wa gauni lake.

“Mumekula nini leo?” akauliza.

“Bado.”

Alifunua sufuria, akapakua sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na karanga, na bugali. Kabla ya kutusogezea sahani alikata tonge, akalichovya, akalila mbele yetu na kutuonyesha mdomo mtupu, kama wanawake wote wa Bunia wanavyofanya wakimpa chakula mtoto wa mtu mwingine siku mbaya kama zile. Kalista alikuwa ameketi mlangoni, ameshakula, akatutazama kwa wivu kidogo.

Nilikula. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu lilinichukua muda mrefu kulisema. Nilikula kuliko Sifa. Nililamba sahani na vidole, na kwa muda ule mfupi sheria ya Shangazi ilitoka kichwani kabisa. Sijawahi tena kula kitu kitamu namna ile.

Sifa alimeza matonge manne au matano. Kisha akaanza kujikuna ulimi kwa meno, akitoa sauti ndogo ya kukereka. Nikamwambia aache mchezo. Nilipomtazama vizuri, mdomo wa chini ulikuwa umevimba, halafu na wa juu, na macho yakawa yanafunga, na shingoni vikatoka vipele vikubwa vyekundu vilivyoungana huku nikivitazama. Akatapika. Baada ya hapo akaanza kuvuta pumzi kwa sauti ya filimbi, na sauti ile ninaisikia mpaka leo nikiandika.

“Huyu mutoto hayakulaka karanga?” Mama Kalista aliniuliza. Alikuwa ameshamkalisha wima mapajani, anamwosha mdomo kwa maji.

Sifa hakuwahi kuzila. Nje niliwasikia Mama na Shangazi wakituita.

Angeweza kutupenyeza kwenye tundu na kunyamaza. Badala yake alimbeba Sifa mwenyewe akatoka naye kwa mlango wa mbele, akazunguka ua, akamkabidhi kwa Mama. “Alikula sombe yangu,” akasema. “Iko na karanga ndani. Nazani mwili yake inakataa karanga. Mumukalishe hivi, musimulalishe.”

Shangazi alitupa unga chini. Alilitamka lile neno kwa sauti ambayo kartie nzima ilisikia, nami nikaziba masikio. Watu wakajaa uani kwetu, watu wale wale waliokuwa wamejificha dakika chache kabla. Mama hakuwa na habari nao. Alikuwa ameketi chini na Sifa wima kifuani, anampulizia usoni na kuomba.

“Niliwapa wote wawili,” Mama Kalista alikuwa akisema. “Sahani moja. Muulizeni huyu mukubwa. Na mi mwenyewe nilionja. Kalista pia alikula.”

“Mutoto yako unamupaka dawa,” mwanamke mmoja akasema.

Shangazi akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Alinishika kidevu akaninyanyua uso.

“Na weye, ulikula kwake?”

“Hapana,” nikasema.

Ni neno moja tu, na nilikuwa na sababu tatu za kulisema. Niliogopa fimbo ya Shangazi. Niliogopa kwamba nikisema nimekula, kitu kilicholala tumboni mwangu kitasikia na kuamka. Na niliogopa kwamba tutafukuzwa katika nyumba ile, Mama na tumbo lake, kwa sababu ya ulafi wangu. Mama Kalista alinitazama. Hakukasirika, alinitazama tu akingoja nimalizie, kwamba labda nimesema hapana ya kwanza na nyingine itakuja. Sikumalizia.

Wakaleta sufuria yake, wakamwambia amalize chakula chote mbele yao. Akala akiwa amesimama, mpaka akakwangua chini. Hakuvimba. Nilidhani hapo mambo yameisha, lakini watu walisema aliyetia sumu hakosi kuwa na kinga yake, na kwamba kutokuvimba kwake ndiko kunaonyesha. Kwa hiyo angevimba ni sumu, na hakuvimba ni sumu.

Akaja kijana wa bunduki aliyekuwa akilinda kizuizi cha mtaa wetu. Tulimwita Komanda, ingawa sidhani kama alikuwa na miaka ishirini. Alisikiliza akichezea mkanda wa bunduki. “Huyu mutoto akikufa, na weye unakufa leo,” alimwambia Mama Kalista bila ukali, akionekana amechoka. “Akipona, unatoka mu kartie. Unakaa hapa mpaka tuone.”

Wakamkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, mbele ya Mama, na Kalista akasimama nyuma yake ameshika kitambaa cha kichwa chake. Na sisi sote tukabaki tunasikiliza pumzi ya Sifa. Kila filimbi ilipokatika, Komanda aliinua kichwa. Shangazi alisema mtoto alazwe apumzike, Mama Kalista akasema tena, polepole, “Asilale.” Mama alimtazama yule mwanamke, akamtazama Shangazi, akaendelea kumshika Sifa wima. Nadhani hilo lilimwokoa.

Mimi nilikaa karibu na mlango nikipapasa midomo yangu. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilihesabu pumzi zangu, nikasikia filimbi isiyokuwepo, nikatoa ulimi nje kujua kama umekuwa mzito. Mara nyingi sana mchana ule neno la kwamba nilikula lilifika kooni. Nilisema moyoni: nitasema kivuli cha nyumba kikifika kwenye kinu. Kivuli kikafika kwenye kinu. Nikasema: kikifika miguuni pa Kalista. Kikafika. Na kuna kitu kinachonitia aibu zaidi ya uongo wenyewe. Kadiri muda ulivyokwenda na mimi sivimbi, nilianza kuuamini. Nilijiambia kwamba kweli sikula, maana ningekula ningekuwa nimevimba.

Kabla jua halijatua, filimbi ilipungua. Jicho moja la Sifa likafunguka, likatafuta watu, na akaomba maji. Mama alilia kwa sauti. Komanda akasimama, akamwonyesha Mama Kalista njia kwa kidole.

Alifunga nguo zake katika kitenge, akampa Kalista sufuria kubwa abebe kichwani. Kisha akaja mpaka kwenye ua, akamwita Mama. Shangazi alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimejibanza kando ya matete, kwa hiyo nilisikia yote.

“Mama Sifa, karanga usimupe tena,” akasema. “Hata kidogo, hata mu supu. Dada yangu alikuwa na mutoto wa namna hii. Na huyu wa mu tumbo, akianza kula usikawie naye. Kwetu tunapaka kidogo tu ku mudomo, muchana, tunakaa tunamuangalia. Kesho tena kidogo. Mwili inajuana nayo mapema. Mutoto asipoonjaka, siku moja wanakutana wakubwa, wanapigana.”

“Aksanti,” Mama alisema. Sijui kama alikuwa amesikia.

Wakaondoka kwa njia ya kusini, njia ambayo siku zile watu walikuwa wakirudi kwayo mbio, wakikimbia vita. Kalista aligeuka mara moja. Nilichuchumaa nyuma ya matete asinione.

Wiki kadhaa baadaye Mama akaenda kujifungua, Shangazi akabaki na sisi. Mtu alikuwa amemletea bakuli la karanga. Alizikaanga, akazitwanga laini, akazichanganya katika uji wa Sifa ili apate nguvu. Habari ya karanga kwake ilikuwa kisingizio cha mchawi. Alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na aliimba, maana Shangazi alimpenda Sifa kwelikweli.

Mdomo wa chini ukaanza.

Nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi. Sufuria ilikuwa ya Shangazi, kinu cha Shangazi, mkono wa Shangazi. Akaweka kijiko chini. “Ni ile sumu,” akasema, sauti ikimtetemeka. “Ilibakia ndani. Sasa inaamuka.”

Na ni ajabu, lakini kilichonisukuma ni kwamba alisema jambo lile lile nililokuwa nikiliamini mimi. Kusikia elimu yangu ya kitoto katika kinywa cha mtu mzima, na huku midomo yangu mwenyewe iko mizima wiki zote zile, kulinifungua.

“Shangazi, mi pia nilikula,” nikasema.

“Ulikula nini?”

“Sombe ya Mama Kalista. Siku ile. Nilikula kushinda Sifa.”

Alinitazama kwa muda ambao hatukuwa nao. Kisha akamfunga Sifa mgongoni, akakimbia naye hadi kituo cha afya, mimi nyuma. Wakamchoma sindano, na haukupita muda filimbi ikalegea. Muuguzi alimuuliza Shangazi mtoto alikuwa amekula nini, akalitaja jibu kabla hajajibiwa. Akasema mtoto huyu asiguse karanga, na kwamba sufuria na kinu chake viwe mbali na vya wengine. Akasema tena, kwa watoto wachanga wasiowahi kuvimba, wakianza kula, ni vizuri kuonjeshwa mapema, kidogo kidogo, mtu akiwa karibu. Karibu maneno yale yale. Shangazi alikaa kwenye benchi akiitazama mikono yake.

Mama aliporudi na mdogo wetu wa kiume, Shangazi alimweleza yote mbele yangu. Nilingoja kipigo, na ningeshukuru kukipata. Mama alimbadilisha mtoto titi, akaniuliza, “Umesema leo. Mama Kalista mwenyewe iko wapi?”

Tangu hapo nyumba yetu iliishi kwa uangalizi. Sombe ya Sifa ilipikwa kwa mawese peke yake. Maharage, parachichi, mboga za lengalenga, samaki wa ziwani walipoanza kufika tena, vyote alikula na akanenepa. Lakini hakula kwa jirani, na kwenye msiba au harusi Mama alitembea na chakula chake kwenye bakuli. Mtoto mdogo, alipoanza uji, Mama alimkalisha mlangoni mchana kweupe, akamgusisha mdomoni uji mwepesi wenye karanga kidogo sana, na sisi tukakaa tunamkodolea macho. Shangazi alitoka nje, hakuweza kutazama. Mtoto alilamba, akataka zaidi. Leo ni mwanaume mwenye ndevu na anamaliza karanga za chupa nzima peke yake.

Askari wa kigeni walikuja, vizuizi vikaondolewa kimoja kimoja, na watu wa pande zote mbili wakaanza kuonana tena sokoni kwa kuviziana. Mama aliuliza habari za Mama Kalista kwa kila aliyetoka kusini. Nilikuwa na miaka kama kumi na tatu tulipomwona, mwisho wa safu ya wauza makaa, amekonda, mikono myeusi hadi viwiko.

Mama alipiga magoti kumsalimia. Aliomba msamaha kwa maneno mengi, naye akamwinua. Akamtazama Sifa juu mpaka chini.

“Anakulaka nini sasa?”

Mama akamtajia kila kitu. Alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa. “Muzuri,” akasema. “Muzuri sana.”

“Na weye haupikake tena?” Mama akauliza.

“Hapana. Makaa, hakuna mutoto wa mutu anaila.”

Mama akamshika Sifa mkono, wakaenda kutafuta chumvi. Nikabaki. Niliuliza Kalista yuko wapi, ingawa nadhani nilikuwa nimeshajua tangu nilipoona yuko peke yake.

“Alibakia ku njia,” akasema. “Siku ya tatu.”

Alikuwa akipanga vipande vya makaa, vikubwa juu. Nikamwambia yote kwa mkupuo: kwamba nilikula, kwamba nilisema hapana, kwamba baadaye nilimwambia Shangazi ukweli. Nikamwambia niliogopa.

“Najua uliogopa,” alisema. “Nilikuona. Mi pia niliogopa, siku ile. Lakini mi nilikuwa nasema kweli.”

Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma yangu na gunia lake, akamuuliza anataka makaa ya kiasi gani.